Posho ya Bibi na Paka Asiyekuwepo

4 Machi

Shikamoo Shangazi,

Huku kwetu tunalala na kuamka salama. Baba bado yuko njiani na lori lake. Mara ya mwisho alipiga simu kutoka mpakani, ikakatika kabla hajamaliza kutusalimia. Bibi anakusalimu sana. Anasema nikuandikie kwamba hajambo kabisa.

Najua utashangaa kupata karatasi wakati simu zipo. Lakini si unanijua? Ukinipigia nasema "shikamoo", halafu nasema "nzuri", halafu namtafuta Bibi nimpe simu kana kwamba inaniunguza. Kwenye karatasi hakuna anayenisubiri upande wa pili. Nikikosea nafuta, na wewe hujui.

Jambo lenyewe ni hili. Mwalimu wa uchumi alituambia kwa ile lugha ya shuleni, ambayo ukiimudu unaonekana una akili hata kama huna, kwamba kwa mwaka mmoja bei zimepanda asilimia nne. Akaitaja na ofisi inayopima, Ofisi ya Takwimu, idara ya bei. Nilitaka kunyoosha mkono niseme, "Mkuu wa idara hiyo ni shangazi yangu." Mkono ulifika begani, ukageuka, ukaenda kukuna sikio. Lakini moyoni nilijivuna mpaka kengele ikalia.

Nyumbani nikamweleza Bibi kwa lugha yetu. Alikuwa anapepeta mchele. Akasema, "Huyo aliyepima ana mtu wa kumnunulia. Sokoni hafiki." Sikuthubutu kumwambia kwamba aliyepima ni binti yake mwenyewe.

Shangazi, posho yake ya wazee mwaka huu iliongezwa asilimia nne, sawasawa na mlivyopima. Mbona basi inaisha wiki nzima kabla ya mwezi? Mwaka juzi ilikuwa inafika. Simshtaki mtu. Nataka tu kuelewa, na katika watu wote ninaowajua ni wewe peke yako unayeweza kunieleza bila kunicheka.

Ni mimi, mtoto wa kaka yako.

30 Machi

Mwanangu Kimya,

Marahaba, na asante kwa karatasi. Mlinzi wa hapa getini alinikabidhi bahasha kwa mikono miwili, akadhani kuna msiba. Siku hizi barua ya mkono inatisha watu. Mimi ni mzima, ila goti linanikumbusha ghorofa zote nilizopanda nikiwa kijana. Mwambie Baba yako akifika anipigie, asisingizie mtandao.

Sasa swali lako. Kila mwezi makarani wetu wa bei wanaingia masokoni na madukani. Karani anarudi duka lile lile, anauliza kitu kile kile, cha kipimo kile kile; jina la duka hatulitangazi, wala hatutozi mtu faini. Kiwanda kikipunguza mche wa sabuni kimyakimya na bei ikabaki ile ile, karani anatakiwa aandike kwamba sabuni imepanda, maana imepanda. Bei zote hizo tunazitia kwenye kapu moja. Si kapu la Bibi, wala si langu. Ni la nchi nzima, na ndani yake zimo tiketi za ndege ambazo Bibi hapandi na simu za kifahari ambazo mwaka huu zimeshuka bei. Kwa hiyo kapu la Bibi linaweza kupanda kuliko letu. Hilo ni lalamiko la haki. Nimelisema vikaoni mpaka nikiinua mkono watu wanatazama saa.

Namba hiyo moja ikitoka, inasafiri. Sheria inasema posho ya wazee iongezwe kila mwaka kwa kadiri bei zilivyopanda. Mafao ya wastaafu hivyo hivyo. Hata kiwango cha mshahara kisichokatwa kodi kinaifuata namba hiyo. Hazina hawawezi kufunga bajeti bila kuipata. Tukikosea kwenda chini, wazee wa nchi nzima wanapunjwa bila mwizi kuonekana. Tukikosea kwenda juu, Hazina inalipa isichokuwa nacho na zahanati fulani inakosa paa. Usiwachukie watu wa Hazina, mwanangu. Nao wana kapu lao.

Nikichelewa kujibu usininunie. Tangazo likikaribia tunafungiwa ghorofani, simu tunamwachia mlinzi, na hata ukiniuliza karanga zinauzwaje nanyamaza.

Jambo la mwisho. Umeandika, "Anasema nikuandikie kwamba hajambo kabisa." Nimefanya kazi ya kuuliza watu maswali tangu hujazaliwa. Jibu la namna hiyo huwa naliuliza mara ya pili. Wewe unamwonaje?

Shangazi yako.

17 Aprili

Shikamoo Shangazi,

Baba alifika, akalala siku mbili kama gogo, akaondoka tena. Shuleni mambo si mabaya. Barua yako nimeisoma mpaka mikunjo imeanza kuchanika. Ile sabuni imenikaa kichwani, sasa kila mche nikiushika naupima kwa kiganja.

Nilitamani sana kumwona karani wako kwa macho. Namwazia mzee mwenye miwani na jalada kwapani. Likizo hii nilikaa na Bibi mlangoni siku nyingi, maana nyumba yetu si inatazamana na lango la soko? Hakutokea. Aliyetokea ni mtu mwingine kabisa, mtu wa faini, na lazima nikusimulie kilichotokea kwa sababu ungekuwepo ungecheka ukaanguka.

Ni dada mmoja wa viatu bapa, mkoba mkubwa, anatembea na kishikwambi mkononi. Sokoni wanamwita Bi Kishikwambi. Anauliza bei za vitu vyote na hanunui hata ndizi moja. Kumbe Bibi ndiye mlinzi wa soko! Alipomwona tu kwenye kona, alisimama juu ya kigoda akapaza sauti, "Paka! Mkamateni paka huyo! Kala samaki wangu!"

Hakukuwa na paka. Samaki mwenyewe hatujala tangu mwezi uliopita.

Fundi cherehani wa langoni akadaka, "Paka! Paka!" Muuza mafuta akapokea, ikapita banda kwa banda. Kipara, yule muuza nafaka, akageuza vibao vyake vya bei. Nyuma vimeandikwa bei za mwaka jana.

"Kaka, mchele kilo moja kiasi gani?" Bi Kishikwambi akauliza.

"Kama unavyoona kwenye kibao, dada yangu. Sisi watu wadogo hatuna makuu."

Akaandika. Akaenda kwenye mafuta, akaandika. Akaenda kwenye maharage, akaandika. Alipotoka, Bibi akatangaza, "Paka kashatoka!" na vibao vikageuka.

Bibi alinieleza chanzo chake. Miaka ya nyuma waliingia watu wa ofisi wakauliza bei ya sukari, na kesho yake Kipara akapigwa faini kwa kuuza juu ya bei iliyopangwa. Tangu hapo anayeuliza bila kununua ni adui. Kwa kazi hiyo Bibi halipwi kitu. Anasema ni ujirani tu. Nilimwangalia pale juu ya kigoda, Shangazi, na umri wake ule, nikawaza kwamba mimi darasani kusema "nipo" wakati wa kuitwa majina ni vita.

Kuhusu swali lako la mwisho, kalamu inakaribia kuisha wino.

Kimya wako.

9 Juni

Shikamoo Shangazi,

Natumaini u mzima. Natumaini hivyo kweli, si kwa mazoea. Machi ulinijibu, lakini tangu Aprili hakuna hata mstari. Mwanzoni nilijiambia mmefungiwa ghorofani. Halafu tangazo la mwezi wa nne lilipita, na la mwezi wa tano, bado kimya.

Wiki hii nimejua kwa nini, au nadhani nimejua. Bi Kishikwambi alikuja tena. Bibi akafukuza paka wake kama kawaida. Yule dada alipopita karibu yangu mkoba ulimteleza, nikamsaidia kuokota, na kwenye mkoba kulikuwa na alama. Ni ile ile iliyo kwenye pembe ya bahasha yako.

Nilibaki na kalamu yake mkononi, hata kuirudisha nikasahau, akabaki kuniita "mdogo wangu, mdogo wangu". Nilikuwa napiga hesabu. Bei ya uongo inaingia kwenye kapu. Kapu linasema bei hazikupanda sana. Posho inaongezwa kidogo. Na anayepiga kelele za paka ni mwenye posho.

Mimi ndiye niliyekuandikia hayo yote nikicheka.

Sasa na lile swali lako. Wino haukuwa unaisha. Bibi haumwi, lakini si mzima vile anavyosema. Posho inapokaribia kuisha anakata vidonge vya presha nusu nusu kwa kisu cha jikoni, ili vifike mwisho wa mwezi. Kule zahanati nesi akimpima anakuta presha iko juu. Anamuuliza, "Mama, dawa unameza kila siku?" Bibi anajibu, "Kila siku, mwanangu, kama sala." Basi nesi akaona ile dawa imeshindwa kazi, akamwandikia nyingine yenye nguvu, ambayo bei yake ni karibu mara mbili. Nayo anaikata. Ananiambia, "Mke mwenzangu, ukimwambia shangazi yako nitamwambia mume wetu akupe talaka, ingawa ameshakufa, sijui nitampataje."

Nilicheka ili asiseme zaidi. Nisamehe, Shangazi. Naogopa.

Kimya.

27 Juni

Mwanangu,

Mimi ni mzima wa mwili. Umenisalimu vizuri kuliko ninavyostahili.

Barua yako ya Aprili niliisoma kwenye ngazi za ofisi. Nilicheka kwa sauti mpaka mlinzi akaniuliza kama imetoka kwa mchumba. Nilipofika kwenye vibao vyenye bei za mwaka jana, nilikaa chini hapo hapo ngazini, watu wakawa wananiruka.

Ningeweza kuichana. Soko moja kati ya masoko ya nchi nzima ni tone kwenye pipa. Na fikiria ningesimamaje mbele ya wakubwa kusema kwamba namba inayoamua posho ya mama yangu iko chini mno, na aliyenidokeza ni mtoto wa kaka yangu. Ungekuwa wewe ndiye mkubwa wangu, ungenifikiriaje? Nilikaa na barua hiyo siku kadhaa. Siku hizo sitakusimulia.

Kisha niliandika taarifa. Nilieleza mchezo mzima, nikaeleza na mengine: mpiga kelele ni mama yangu mzazi, anapokea posho, na kwa hiyo hesabu hii haifai kupita tena mikononi mwangu. Walikubali upesi kuliko nilivyotarajia, hilo nakiri liliniuma. Idara ya bei sasa inakaimiwa na kijana niliyemfundisha kazi mwenyewe. Mimi wamenihamishia chini, takwimu za mifugo. Nahesabu mbuzi. Ofisi yangu haina dirisha, ila mbuzi hawalalamiki.

Usijilaumu. Miaka yote nimekaa ghorofani nikiamini bei zinazonifikia, na hakuna ofisa wangu hata mmoja aliyeona ulichokiona wewe ukiwa umekaa mlangoni kwa bibi yako. Ingekuwa ni mtumishi wangu ningempandisha cheo.

Hayo ya vidonge nimeyasoma mara moja. Mara ya pili siwezi. Ndani ya bahasha kuna pesa za dawa, mpe. Akikataa mwambie ni amri. Na msomee barua hii. Yote.

Shangazi yako.

22 Julai

Shikamoo Shangazi,

Wote tuko salama, na Baba anasema mzigo ujao atapitia huko kwako. Pesa zako hizi hapa, zinarudi. Bibi kakataa. Maneno yake, nimeambiwa nisiyapunguze: "Nimefagia barabara za mji huu mpaka mgongo ukakataa kunyooka. Posho ni haki yangu kwa serikali, jina langu wanalo. Sitaki jasho la mwanangu. Mwambie awanunulie mbuzi wake majani."

Barua nilimsomea. Alikuwa anamenya vitunguu. Nilipomaliza akaweka kisu chini.

"Kwa hiyo nikipiga kelele, bei inaandikwa ndogo."

"Ndiyo, Bibi."

"Bei ikiandikwa ndogo, posho inaongezwa kidogo."

"Ndiyo."

"Yangu tu, au ya wazee wote?"

"Ya wote."

"Hata ya yule bibi wa ng'ambo ya reli, nisiyepatana naye?"

"Hata yake."

Akamenya kitunguu kingine chote kabla ya kusema. "Basi mimi nimemfanyia ubaya mkubwa kuliko alionifanyia yeye." Halafu akauliza kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Na mwanangu wamemshusha cheo kwa kelele zangu?" Nilikunja barua. Aliinuka akaenda uani, akakaa huko.

Bi Kishikwambi alikuja wiki iliyofuata. Alipotokea kwenye kona nilimtazama Bibi. Soko lote lilikuwa linamtazama. Fundi cherehani alishaondoa mguu kwenye mashine. Bibi akasimama, akafunga mtandio, akateremka, akamshika yule dada mkono.

"Wewe ndiye wa takwimu?"

"Ndiyo, Bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Twende, nikutembeze."

Walianza kwa Kipara. Alikuwa bado hajageuza vibao, maana alikuwa anangoja paka.

"Mwambie bei uliyoniuzia mimi asubuhi," Bibi akasema.

"Bibi, vipi tena?"

"Taja."

"Bibi, unatuuza!"

"Nakuuza kwa bei gani? Ndiyo hiyo hiyo nataka uitaje."

Watu wakaangua kicheko, lakini Kipara hakucheka. Alisema faini aliyolipa ilimla mtaji, nani wa kumhakikishia kwamba huyu si wale wale? Hapo Bibi akanigeukia, akaninyooshea kidole mbele ya soko zima. "Huyu anajua. Anaandikiana na wakubwa. Sema."

Shangazi, nilisema. Sikumbuki vizuri nilisema nini. Najua nilisema kwamba jina la duka haliandikwi popote watu wakaliona, na kwamba hao hawatozi faini, na kwamba mama yake Kipara naye anapokea posho na kila kibao kinapogeuka inapungua. Nilimaliza nikiwa natazama vidole vya miguu yangu. Kipara alijikuna kile kipara chake muda mrefu. Kisha akataja bei. Ya mchele, ya maharage, ya unga. Mwisho akaongeza, "Na kile kikopo cha kupimia nilikipunguza mwezi wa pili. Liandike na hilo, nimeshachoka."

Bi Kishikwambi aliandika mpaka akaketi kwenye gunia. Aliniambia alikuwa akijua kuna kitu, ila hakujua ni nini, na kila akirudi ofisini alikuwa anasema soko letu ni la watu wema mno.

Nilifikiri ungependa kujua jinsi mama yako alivyotembea banda kwa banda. Alitembea kama aliyekuja kukagua gwaride. Alipofika nyumbani alijilaza mkekani, akasema ni joto.

Kimya wako.

11 Septemba

Mwanangu Kimya (jina hilo sasa tulitafutie mbadala),

Nimepona mafua, goti bado. Baba yako alipita, akala sufuria nzima, akaniachia salamu zenu na vumbi la safari nzima.

Barua yako ya Julai niliisoma chumba cha mbuzi, mlango nikiwa nimeufunga. Kwa sababu ambazo utazijua ukiwa na mama mzee mbali nawe.

Ninayoweza kukuambia sasa ni yale yaliyokwisha kutangazwa. Yule kijana wangu hakuishia kwenye soko lenu. Aliwatuma makarani warudi masokoni wakiwa na barua ya utambulisho, na amri kwamba kabla ya kuuliza bei wakae, wajieleze, waseme hawatozi faini. Wakakuta mchezo huo kwingine pia. Kuna soko wanagonga ndoo, kuna jingine mtu anaanza kukohoa na soko zima linashikwa na kifua. Bei zilipokusanywa upya, nne ikawa nne na nukta saba.

Nukta saba kwa mzee mmoja ni kitu kidogo, mche wa sabuni na mafuta ya kupikia ya siku chache. Zidisha kwa wazee wote wa nchi uone. Hazina walikuwa wameshachapa makadirio yao. Mkurugenzi wao wa bajeti tulikutana kwenye lifti, akaniambia, "Mama yako ametugharimu magari mapya ya wizara." Nikamwambia pole. Akasema, "Hapana. Ningeona aibu kuyapanda." Akashuka ghorofa ya nne. Sikumjua kuwa ni mtu wa namna hiyo.

Kurudishwa idara ya bei, sijui. Yule kijana anaifanya kazi vizuri, pengine kuliko mimi. Alipoipata namba mpya kabla haijatangazwa hakunionyesha, alikuja tu kunisalimu na mikono mitupu, nikajua nilimfundisha vyema. Kinachoniuma ni kwamba siku ya tangazo nilikuwa nje na waandishi wa habari, nikasikia kama wengine wote. Sasa umenifanya nami niungame.

Posho iliyosahihishwa kwa namba hiyo inaanza mwezi wa kumi. Lakini nimepiga hesabu, haifikii ile dawa kali. Nukta saba haiwezi kubeba bei iliyopanda mara mbili. Mpeleke zahanati, ukae naye ndani, usimngoje nje. Pesa yangu haitaki, basi, lakini kukataa wewe ukae kitini pembeni yake hawezi.

Shangazi yako.

5 Oktoba

Shikamoo Shangazi,

Sisi wazima. Kipara anakusalimu, hajui unafananaje ila anasalimu. Posho mpya imetoka. Bibi aliihesabu akaihesabu tena, akasema, "Wamesikia." Yule bibi wa ng'ambo ya reli walipanga naye foleni moja. Hawakusalimiana, lakini Bibi alimpisha mbele.

Jana tulikwenda zahanati. Nilikaa ndani kama ulivyoagiza, kwenye kiti cha plastiki chini ya picha ya moyo uliopasuliwa katikati. Nesi ni yule yule, msichana tu, labda amenizidi miaka minane. Akamfunga Bibi ule mkanda wa mkononi, mashine ikavuta pumzi, akasoma, akatikisa kichwa.

"Mama, dawa unameza kila siku?"

Bibi akafungua mdomo. Nilijua kabisa kinachokuja, hata ile "kama sala" niliisikia kabla haijatoka. Haikutoka. Alinitazama mimi, akaitazama mashine.

"Nameza nusu," akasema.

"Nusu? Tangu lini?"

"Tangu ile ya kwanza. Fedha hazifiki, mwanangu. Nilikuwa nakata."

Nesi akaweka kalamu mezani. "Kwa hiyo ile ya kwanza haikushindwa kazi."

"Haijawahi kuonja kazi nzima."

"Mama, mimi nimekuandikia dawa kali, ya gharama, kwa sababu uliniambia unameza. Nilikuwa nafikiri kuongeza ya pili juu yake! Siku moja ungeimeza nzima ungeanguka hapo hapo sokoni. Kwa nini hukuniambia?"

"Nilidhani utanigombeza."

"Ningekugombeza!"

"Basi nigombeze."

Na nesi akamgombeza, Shangazi. Kwa heshima zote, "Mama" mwanzoni na "Mama" mwishoni, lakini alimgombeza kuanzia utosini mpaka kwenye unyayo, mpaka wagonjwa wa nje wakanyamaza wasikilize. Bibi alikaa wima, mikono magotini, akapokea lote bila kupepesa. Kisha nesi akaifuta ile dawa kali, akamrudishia ya kwanza, ile nafuu, kidonge kizima kila asubuhi, na arudi baada ya mwezi apimwe upya. Dirishani tuliinunua ya mwezi mzima. Kwa posho ya sasa inatosha, na kilichobaki kinatupeleka mpaka mwisho wa mwezi, tukibana.

Nilitaka kumwambia pale njiani kwamba sijawahi kuona mtu jasiri kama yeye. Kama kawaida yangu, nikambebea mkoba tu.

Yeye alikuwa ametulia kuliko nilivyomwona mwaka huu wote. Tulipofika getini akasimama, akageuka kulitazama lile jengo.

"Yule binti," akasema, "anajua kugomba. Mwezi ujao tuwahi, asije akatangulia mtu mwingine."

Wako,
Mtoto wa kaka yako